Vijiti vya aluminiamu: video ni ya kweli, maandishi ni ya uongo

Haya wasomaji wangu, leo hatuzungumzii programu. Najua kuna wanaosubiri sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata. Itakuja, msiwe na haraka. Leo nina jambo la moto, na nikisema moto nina maana ya moto wenyewe.

Haipiti wiki bila mtu kunitumia ile video. Bila shaka nanyi mmeiona. Kopo la soda limetobolewa, mkono uliovaa glavu umeshika tochi ndogo ya gesi, mkono wa pili una kijiti cha rangi ya fedha. Kopo linapashwa, kijiti kinagusishwa, kinayeyuka kama siagi na tundu linazibika. Kisha yanatokea maandishi makubwa yanayosema unaweza kuchomelea aluminiamu nyumbani bila mashine, na kazi yako itakuwa imara kuliko chuma. Anayenitumia huuliza swali lile lile: "Hii ni kweli ama ni ukora?"

Msimamo wangu ni huu: kinachoonekana kwenye video ni kweli, kilichoandikwa juu yake ni uongo. Na uongo wenyewe unaweza kumvunja mtu mgongo.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo wauzaji wanapojificha. Kuchomelea ni kuyeyusha vipande vyenyewe mpaka vinakuwa kitu kimoja. Katika breizi vipande haviyeyuki. Unayeyusha metali nyingine yenye kiwango cha chini cha kuyeyuka, nayo inaingia katikati na kuvishika. Kulehemu ni vivyo hivyo, ila kwa joto dogo zaidi, na mpaka uliokubaliwa na wahandisi ni nyuzi 450 za selsiasi. Juu ya hapo ni breizi, chini yake ni kulehemu. Sasa, vijiti vingi vya kwenye video ni vya zinki iliyochanganywa na aluminiamu kidogo, na huyeyuka karibu na nyuzi 380 au 390. Kwa hiyo hata hiyo breizi yenyewe si breizi, ni kulehemu. Vijiti vya breizi halisi vipo, vya aluminiamu yenye silikoni asilimia 12 hivi, aloi inayoitwa 4047. Hivyo huyeyuka kati ya nyuzi 577 na 582. Paketi nyingi nilizozishika mimi hazisemi ni vya aina gani. Zimeandikwa "vijiti vya aluminiamu" basi, kama mtu anayekuuzia "kebo" bila kukuambia ni ya umeme au ya simu.

Kwa nini kazi hii ni ngumu kuliko inavyoonekana? Kwanza kuna utando. Aluminiamu ikikutana na hewa hujivika oksidi papo hapo. Utando huo ni mwembamba mno, wa nanomita chache tu, lakini ni mkaidi ajabu. Aluminiamu safi huyeyuka kwa nyuzi 660, ilhali oksidi yake huyeyuka kwa zaidi ya 2,000. Ukiyeyusha kijiti juu ya utando huo, kitajikunja kama tone la maji juu ya jani la nduma na kuteleza. Ndiyo maana katika breizi halisi hutumika flaksi, ambayo huuondoa utando. Kwa vijiti vya zinki visivyo na flaksi, unasugua kwanza kwa brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma kingine, halafu unaendelea kukwaruza chini ya ile metali iliyoyeyuka ili ishike kabla hewa haijarudi. Hatua hii ya kukwaruza video huikata, ama huipitisha kwa kasi. Bila hiyo hakuna kitu.

Pili, aluminiamu haina ujumbe wa hitilafu. Chuma kikipata moto hukuambia: kinakuwa chekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano. Aluminiamu inakaa na rangi yake ile ile ya fedha, kimya, halafu ghafla kipande kizima kinaanguka mezani kikiwa uji. Sisi wa programu tunaijua aina hii ya mfumo, ule usioandika chochote kwenye logi mpaka siku unapokufa. Mafundi wana ujanja mzuri wa sabuni ya mche. Unaipaka kwenye aluminiamu, na inapogeuka nyeusi unajua uko karibu na nyuzi 400. Kwa kijiti cha zinki, alama hiyo inatosha. Kwa 4047 bado una safari, na ni safari nyembamba. Aloi ya 6061, ambayo utaikuta kila mahali, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 582 hivi, pale pale kijiti kinapomaliza kuyeyuka. Yaani nafasi ya kukosea ni sifuri. Aloi ya 6063 inakupa nyuzi kama 30 za kupumulia. Kwa 7075 usijisumbue, inaanza kuyeyuka kabla kijiti hakijahisi joto.

Halafu metali hii hukimbiza joto. Inapitisha joto karibu mara nne au tano ya chuma cha kawaida, kwa hiyo ukipasha kona moja, joto linatembea kipande kizima. Kopo la soda ni jembamba kama karatasi, ndiyo sababu linapendwa kwenye video. Lete bamba la milimita 6 na ile tochi ndogo, utakaa hapo mpaka mtungi uishe.

Pamoja na hayo yote mimi vijiti hivi ninavyo, na ninavipenda. Nimeunga navyo kishikizo cha ruta, miguu ya kipoza joto na kasha la kompyuta ndogo inayopima maji kwenye tangi. Mbinu ni kulaza kipande juu ya kipande, visigusane ncha kwa ncha, na kupasha kipande chenyewe hadi kijiti kiyeyuke kwa kukigusa. Ukikiyeyusha kwa mwali unajidanganya. Wala breizi si kazi ya kudharauliwa. Rejeta za magari ya siku hizi ni aluminiamu iliyobreiziwa, ila imefanyiwa tanuruni ndani ya gesi ya naitrojeni, kwa joto linalopimwa, si nyuma ya nyumba kwa kukisia.

Sasa ile "imara kuliko chuma". Hapa ndipo ninapokasirika.

Mjomba wangu hufunga paneli za sola, kwa hiyo nusu ya maisha yake yako juu ya mapaa ya watu. Mwaka jana kipago kimoja cha ngazi yake ya aluminiamu kilipata ufa kwenye kiungo. Akaniletea pamoja na paketi mpya ya vijiti. "Wewe si ndiye msomi wa nyumba hii, na una hiyo tochi? Dakika kumi tu." Nikamwambia, "Mjomba, hii sitaigusa." Akacheka, kisha hakucheka tena. Akasema vijana wa siku hizi tunaogopa kazi.

Nilimweleza hivi. Ngazi nyingi ni za aloi za kundi la 6000, na nguvu yake haitoki kwenye aluminiamu yenyewe. Inatoka kwenye mapishi. Kiwandani hupashwa sana, hupozwa ghafla, kisha hupikwa saa kadhaa kwa joto la nyuzi 160 hadi 180. Hapo ndipo 6061 inapata ile hali inayoitwa T6, ambapo huvumilia karibu megapaskali 275 kabla haijapinda moja kwa moja. Aloi hiyo hiyo ikilainishwa kabisa kwa moto huvumilia kama 55. Moja ya tano! Sasa wewe unaleta tochi. Hata kijiti cha zinki kinataka nyuzi zaidi ya 380, mara mbili ya joto lililoipa ngazi nguvu. Ufa utaziba vizuri, utapigwa msasa, utang'aa. Lakini sentimita kadhaa kila upande wa kiungo metali imelegea, na jicho haliwezi kuona. Video hupima kiungo kwa kukigonga nyundo na kusema angalieni, hakikuachia. Kiungo hakikuachia, sawa. Ngazi itapindia pembeni yake, na mjomba atakuwa juu.

Kwa hiyo ngazi, fremu ya baiskeli, rimu, mkono wa breki ya pikipiki, chochote kinachobeba uhai wa mtu, hapana. Tangi la petroli, hapana, hata kama limekaa tupu mwezi mzima, maana mvuke hauhitaji ruhusa. Na sufuria, ndugu zangu, sufuria pia hapana. Zinki huyeyuka kwenye chakula chenye asidi kama nyanya na kumchafua mtu tumbo, na siku sufuria ikisahaulika jikoni bila maji, kiraka kitadondoka ndani ya moto. Mafundi wa Gikomba na Kamukunji wanakuuzia sufuria nzima, nunua.

Kuna na moshi. Mwali wa gesi ya kupikia katika hewa hupita nyuzi 1,900, na zinki huchemka kwenye 907. Ukiuelekeza mwali kwenye kijiti badala ya kipande, utavuta moshi wa zinki, na jioni utalala na homa na baridi ukidhani ni malaria. Flaksi nazo nyingi zina floraidi. Fanyia kazi nje, vaa miwani, na mtungi wa gesi ukae mbali na mguu wako.

Sitaki vijiti vipigwe marufuku. Ninachodai ni kidogo sana, mistari miwili nyuma ya paketi: kijiti kimetengenezwa kwa nini, na kinayeyuka kwa nyuzi ngapi. Muuzaji anayeyajua hayo na hayaandiki anaficha kitu, na asiyeyajua asiniuzie. Kabla ya kulipa, muulize hayo mawili. Mimi niliwauliza wauzaji watatu mjini. Mmoja alinijibu, na jibu lake lilikuwa "inayeyuka vizuri sana."

Mjomba alipeleka ngazi kwa fundi wa aluminiamu, akaikata ule upande wenye ufa na kuitumia vipande vya fremu za madirisha. Kwa sasa anaazima ngazi ya jirani. Mimi bado ananiita mwoga.