Uza safari, mabadiliko mwachie mteja

Wafanyabiashara wenzangu, leo nasema kitu ambacho wengine hamtakipenda.

Mimi napeleka watu matembezi ya wikiendi, Mbeya na Iringa. Wateja wote nawapata mtandaoni. Mwaka jana niliandika tangazo: "Njoo Ziwa Ngosi, urudi mtu mpya." Jamani, nafasi zilijaa ndani ya siku tatu!

Kati ya waliolipa alikuwepo dada mmoja kutoka Dar, amefiwa na mume. Tukapanda msituni kwenye tope, kufika juu ukungu umefunika ziwa lote. Wenzake walicheka, wakapiga picha. Yeye akaniuliza kwa upole, "Kaka, huo upya unaanzia wapi?" Sikuwa na jibu. Nilimrudishia nusu ya hela, aibu ikabaki kwangu.

Mtasema maneno hayo ndiyo yanauza. Kweli, yanauza mara moja.

Chukua Kitulo, ile Bustani ya Mungu. Maua yake yanachanua msimu wa mvua, Desemba mpaka Aprili hivi. Ukiuza safari ya Agosti kwa picha ya Februari, mteja atakutana na nyasi na baridi. Picha ya kweli, tangazo la uongo.

Au Gangilonga, pale Iringa mjini. Jina lenyewe kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na husimuliwa kuwa Mkwawa alikuwa akienda pale kutafakari. Simulizi hiyo inatosha kuuza. Usiongeze kwamba mteja naye atapewa majibu ya ndoa yake.

Siku hizi naandika hivi: tunatembea muda gani, tope lipo, ukungu unaweza kuficha ziwa, chakula ni hiki, bei inajumuisha hiki. Nafasi zinajaa polepole, sikatai. Ila hakuna anayedai hela yake, na wanaorudi wanakuja na ndugu zao. Mteja akisema safari imemgusa, naomba ruhusa, naweka maneno yake kama alivyoyasema. Hayo ni yake, siwezi kumwahidi mwingine.

Na wewe unayeuza mafuta ya ngozi au chai ya kupunguza tumbo, ni yaleyale. Ahidi kilichomo kwenye chupa. Anayenunua matumaini mara nyingi ana maumivu, na hela yake ya mwisho ndiyo hiyo.

Kabla hujaposti leo, soma tena tangazo lako. Uliloahidi, unaweza kulikabidhi?