Kata kachumbari kwanza

BARAZA LA JUMAMOSI
Na Zuhura Mbwana

Ndoa nyingi hapa mjini zimehimili mikopo, mawifi na Simba na Yanga, kisha zikaja kutikiswa na kuku. Aoshwe au asioshwe? Msomaji mmoja wa Tabata ameniandikia kwamba binti yake, anayesoma lishe chuoni, amerudi likizo na amri mpya: kuku haoshwi. "Mama, ukimwosha unasambaza bakteria jiko zima." Mama akajibu kwamba kuku ambaye hajapita kwenye maji mara tatu yeye hamtii mdomoni, na kama binti ana ubavu, ainjike sufuria yake. Sasa Jumapili nyumba ile inapika sufuria mbili za kuku, na baba, kwa busara za uzee wake, anakula zote mbili.

Mama anaomba niamue. Nitaamua, ila uamuzi wangu hautamfurahisha yeye wala binti, kwa sababu naona wanamshitaki asiyehusika. Kuku anayechemshwa saa nzima na kuungwa kwa nazi hana kesi ya kujibu. Mshitakiwa yuko kwenye bakuli la pembeni, amenyunyiziwa ndimu na pilipili, wala hakuna anayemtilia shaka.

Nianze na binti, maana hakuyatunga. Mwaka 2014 mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza ilianzisha kampeni ya kuwasihi watu waache kuosha kuku mbichi. Waliyemwogopa ni bakteria aitwaye kampilobakta, anayekaa kwenye utumbo wa kuku bila kumsumbua kuku, lakini akiingia kwa binadamu anamwendesha tumbo siku kadhaa. Hoja yao ilikuwa ya maji: bomba likifunguliwa juu ya kuku, matone yanaweza kuruka zaidi ya sentimita 50 kila upande, yakatua kwenye vikombe, kwenye mkate, kwenye nguo ya mpishi. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walilipima jambo hilo wakakuta kwamba bomba likiwa juu zaidi matone huruka zaidi, na kwamba ngozi ya kuku, kwa kuwa inabonyea, huyarusha maji vibaya kuliko kitu kigumu.

Sawa. Lakini kuku wa kampeni ile si kuku wetu. Kuku wa London kachinjwa kiwandani, kanyonyolewa kwa mashine, kapoozwa, kafungwa kwenye plastiki. Ukimfungua unakuta hana cha kuoshwa. Wetu wa Shekilango au Kisutu katumbukizwa kwenye pipa la maji ya moto ambalo wenzake wamelipitia tangu alfajiri, kanyonyolewa kwa mikono, kapasuliwa chapuchapu, katiwa kwenye mfuko, kisha kapanda bodaboda kwenye jua la saa sita. Anafika nyumbani na vinyoya kwapani, damu iliyoganda ndani ya mbavu, pengine na nyongo iliyopasuka. Kumwambia mama asimwoshe kuku huyo ni kumtukana, na ndiyo maana ugomvi huu unawaka upesi hivyo. Mwanamke wa kwetu amelelewa akijua kwamba mtu akitaka kumchafulia jina ataanzia jikoni kwake. Ukimwambia "usioshe" anasikia "kuwa mchafu", na hakuna cheti cha chuo kitakachomtoa hapo.

Basi mama, osha. Osha kwa siki, kwa ndimu, kwa unga wa ngano kama wafanyavyo wengine pwani kutoa shombo. Ila usimwoshe chini ya bomba. Mtie kwenye beseni lenye kina, mimina maji taratibu, mgeuze humo humo bila kumpiga piga, maji yakamwagwe chooni au kwenye mtaro, si juu ya vyombo vilivyorundikwa kwenye sinki. Kisha beseni lisuguliwe kwa sabuni kabla halijatumika kwa kitu kingine. Na tusidanganyane kuhusu ndimu: inaondoa harufu, haiondoi bakteria kiasi cha kumfanya kuku awe salama. Kazi hiyo ni ya moto peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kifike nyuzi 70 za Selsiasi mpaka katikati, na mchuzi wetu unafika huko bila taabu. Wenye kazi ya ziada ni wanaokaanga na kuchoma, ambao kuku wao huwa wa kahawia nje na mwekundu mfupani.

Hapo ndipo ninapoachana na pande zote mbili. Mwaka 2019 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitangaza matokeo ya utafiti iliofanya pamoja na Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina. Watu wapatao 300 walialikwa kupika kuku na kutengeneza saladi kwenye majiko ya majaribio. Kuku walitiwa bakteria asiye na madhara, kusudi watafiti waone anakofika. Miongoni mwa walioosha kuku, asilimia 60 waliacha bakteria kwenye sinki, na hata baada ya kulisafisha, asilimia 14 bado walikutwa naye humo. Hadi hapo binti wa Tabata anapiga makofi. Lakini saladi je? Walioosha, asilimia 26 saladi zao zilikutwa na bakteria wa kuku. Na wale watiifu ambao hawakuosha kabisa? Asilimia 31.

Isome tena hiyo, binti yangu. Kuku hakuguswa na maji na bado alifika kwenye saladi, kwa sababu alisafiri kwa mikono. Mikono iliyomkata kuku ikashika kisu, ikashika bomba, ikashika majani.

Saladi yetu sisi ni kachumbari, na kachumbari ni mbaya zaidi kwa jinsi inavyotengenezwa. Kitunguu kinakatwa vyembamba, kinatiwa chumvi, kisha kinakamuliwa kwa mikono mitupu mpaka kitoe ule ukali. Hakuna kijiko kinachoiweza kazi hiyo. Tena kwa kawaida inafanywa mwisho, nyama ikiwa tayari jikoni, kwa sababu nyanya ikikaa inachuruzika maji na kila mtu anaitaka ikiwa haijalegea. Kwa hiyo mikono ile ile iliyotoka kuchambua firigisi, ikasuuzwa haraka kwa maji matupu na kufutwa kwenye kanga, ndiyo inayokamua kitunguu. Kuku anaingia sufuriani, anatokota, kila kilichokuwa hai ndani yake kinakufa. Kachumbari haipiti kwenye moto wowote. Inatoka mkononi inaingia sahanini. Kesho mtoto akiharisha, tunamlaumu muuza kuku.

Kata kachumbari kwanza. Kabla mfuko wa nyama haujafunguliwa, kitunguu kiwe kimeshakamuliwa, nyanya na tango zimeshakatwa, bakuli limefunikwa na kuwekwa mbali. Ndimu na chumvi zisubiri mpaka watu wanakaa mkekani, na nyanya hazitachuruzika. Baada ya utafiti ule, wizara ya Marekani yenyewe iliweka ushauri huu mbele: visivyopikwa viandaliwe kabla nyama mbichi haijaguswa. Haigharimu senti, haimwambii mtu kwamba mama yake alikuwa mchafu.

Majiko yale ya majaribio yalikuwa na bomba. Nyumba nyingi za Dar, hata zenye sinki la kung'aa, zinaishi kwa ndoo na madumu, maana maji yanakuja kwa mgawo. Huko matone ya bomba si habari. Habari ni kopo. Mtu anamshika kuku, anachota maji kwa kopo, anamimina, anamshika tena, anachota tena, kisha kopo linaachwa lielee ndani ya ndoo. Muda si mrefu mwingine anakuja na ndoo hiyo hiyo kusuuzia bilauri za juisi. Nimekaa kwenye nyumba ambazo mawifi wanabishana kuhusu siki na ndimu mpaka sauti zinapanda, kopo likiogelea katikati yao, na hakuna aliyeliona. Mwaka 2020, wakati wa korona, kila mlango wa duka na kila uwanja wa nyumba ulikuwa na ndoo yenye koki. Nyingi sasa zinahifadhia unga au zimepasuka juani. Ukiweza kurudisha moja jikoni, ikafunguliwa kwa mgongo wa mkono, na sabuni ikawekwa pembeni yake badala ya kufungiwa bafuni, umefanya zaidi ya chupa kumi za siki.

Akina baba nao wasicheke. Baba wa mjini haoshi kuku, ila ana maoni kuhusu anayemwosha. Siku yake ni Jumapili jioni, kwenye jiko la mkaa, amevaa aproni aliyonunuliwa, amezungukwa na marafiki. Mishkaki mibichi imekuja kwenye sinia, imepangwa juu ya moto, imeiva vizuri sana, kisha inarudishwa kwenye sinia lile lile, juu ya damu na viungo vilivyobaki. Na brashi iliyopaka viungo kwenye nyama mbichi ndiyo inayopaka mara ya mwisho ikishaiva, "ing'ae". Huyu ndiye ambaye asubuhi alimwambia mkewe kwamba jiko linanuka.

Msinione nakuza jambo dogo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kila mwaka watu milioni 91 barani Afrika wanaugua kwa sababu ya chakula, na 137,000 wanafariki. Anayeua wengi zaidi kati yao ni salmonela, bakteria wa kuku na mayai, anayechukua roho 32,000 kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya nusu ya vifo vyote anavyosababisha duniani. Si kila tumbo linalokata limetoka jikoni kwa mama, najua. Kuna maji, kuna machinjio, kuna mabucha yasiyo na ubaridi. Bodi ya Nyama na halmashauri zina madeni yao na nitayadai siku nyingine. Lakini nyama ikishavuka mlango wangu, bodi haipo.

Ndani ya mlango huo kuna mtu mmoja ambaye ugomvi huu wote unamwangukia, naye hajaulizwa. Dada wa kazi. Mama amemwambia aoshe kwa maji ya moto. Bibi, aliyekuja kutoka Muheza kusalimia, amemwambia nyama inaoshwa ikiwa nzima kabla ya kukatwa, la sivyo utamu unaondoka na maji. Binti amemwambia asioshe kabisa. Baba amemwambia aharakishe. Anaitikia wote "sawa", halafu anafanya kama alivyofundishwa kwao. Mtoto akiumwa tumbo, wote wanne wanakubaliana kwa mara ya kwanza wiki ile: ni yeye. Wenye nyumba wangekubaliana kabla, wakampa agizo moja linaloshikika, na kitambaa kimoja cha nyama kisichofuta meza ya kulia. Kitambaa cha jikoni ni mada peke yake, na sina tumbo la kuieleza gazetini.

Kwenye friji nako kuna vita. Pitia nyumba yoyote baada ya Idi ya kuchinja, nyama za sadaka zimekuja kwenye mifuko kutoka kila upande, bado zina joto la machinjo, zimeshindiliwa rafu ya juu kwa kuwa ndiyo yenye nafasi. Chini yake kuna pilau la jana na embe zilizokatwa. Mfuko unavuja tone tone. Nyama mbichi ikae chini kabisa, ndani ya beseni, hata kama itabidi soda zitoke nje. Nyama ya kuyeyusha nayo isitolewe kwenye friza asubuhi ikaachwa mezani mpaka alasiri, kwa joto la Dar ambalo bakteria wanalipenda kuliko sisi. Ihamishiwe chini ya friji tangu usiku.

Limebaki swali ambalo wasomaji hawachoki kuniuliza: ubao wa kukatia uwe wa mti au wa plastiki? Miaka ya 1990 Dean Cliver na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walilipima hilo wakidhani plastiki ingeshinda. Wakakuta bakteria waliomwagwa kwenye mti wananywea ndani na kufa polepole, ilhali plastiki iliyochanwachanwa na kisu inawaficha kwenye mikwaruzo hata baada ya kuoshwa. Kwa hiyo msitupe ubao wa bibi. Wa mti au wa plastiki, usugue kwa sabuni na maji ya moto, uuanike juani, na ukipasuka uufanye kuni. Mwenye uwezo awe na mbao mbili, moja ya nyama na nyingine ya mboga. Mwenye fedha ya ubao mmoja aufanye wa mboga, na nyama ikatwe huko huko buchani. Muuza nyama akishapima, mwambie akukatie vipande vya mchuzi. Hatakutoza kitu; atanuna kidogo tu kama foleni ni ndefu.