Tiba ya sumaku isiuzwe kwa ahadi za jeni

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliruhusu tiba ya sonona kwa mapigo ya sumaku mwaka 2008. Kibali hicho kilihusu kupunguza sonona kwa watu wazima ambao dawa hazikuwasaidia. Hakikugusa jeni. Leo baadhi ya kliniki nchini humo zinatangaza kuwa mapigo hayo huamsha jeni na kuongeza BDNF, protini inayolisha seli za neva. Matangazo hayo yamevuka mipaka ya ushahidi.

Kwa panya wa maabara, mapigo huamsha jeni kama c-Fos, na matokeo hutegemea mpangilio wa mapigo. Lakini koili inayotoa mapigo hayo, ambayo kwa binadamu hulenga eneo dogo la ubongo, hufunika karibu ubongo wote wa panya. Kwa mgonjwa aliye hai, watafiti hawakati kipande cha ubongo, hupima damu. Hapo majibu yanapingana: tafiti nyingine zimeona BDNF ikipanda, nyingine hazikuona badiliko lolote. Tena sehemu kubwa ya BDNF inayopimwa kwenye damu hutoka katika chembe za kugandisha damu. Huo si ushahidi wa kinachotokea ubongoni.

Anayeumizwa ni mgonjwa. Amekwisha kujaribu dawa bila nafuu, na sasa anatakiwa kuketi chini ya koili siku tano kwa wiki, kwa wiki nne hadi sita. Akiahidiwa kuwa jeni zake zitaamka, kisha asipone, ataamini kuwa kasoro iko ndani yake. Hakuna kliniki yenye haki ya kumtwisha mzigo huo.

Tiba yenyewe haihitaji chumvi. Jaribio la Kanada lililochapishwa mwaka 2018, likiwa na wagonjwa 414, lilionyesha kuwa kikao cha dakika tatu hakikuwa duni kwa kile cha dakika 37.5. Hilo linatosha kutangazwa.

FDA na Tume ya Biashara ya Shirikisho zinapaswa kuyaondoa madai ya jeni katika matangazo na kuwawajibisha wanaoyarudia. Watafiti nao wasajili vipimo vyao kabla ya kuanza, walinganishe na tiba bandia, na wachapishe hata matokeo yasiyowapendeza. Kliniki isiyoweza kuthibitisha dai lake ilifute sasa, bila kungoja kuamriwa.