Programu ya hesabu kwa kampuni ndogo za informatiki: mashariki ya Congo, bei si swali la kwanza

Benki zilifunga milango Goma mwishoni mwa Januari 2025, wakati mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23. Bukavu ikafuata mwezi wa Februari. Kwa kampuni ndogo ya informatiki iliyokuwa ikilipa programu yake ya hesabu kila mwezi kwa kadi ya benki, hapo lilizaliwa tatizo ambalo mhasibu hawezi kulitatua. Kadi isiyo na benki nyuma yake ni kipande cha plastiki tu. Abonema ikiisha bila kulipwa, programu ya mtandaoni kwa kawaida inakuzuia kwanza kuandika, halafu inakufungia kabisa. Madeni ya wateja, stoki ya ordinateri, mshahara wa mafundi, vyote viko ndani, na mwenye mali amebaki nje.

Ndiyo maana wakati huu, mtu anayeuliza "nichukue programu gani?" asianzie kwenye bei. Aulize kwanza kama vitabu vyake vitabaki mikononi mwake siku ambayo benki, intaneti na moto vitakosekana pamoja.

Sheria nayo inadai hivyo. Congo iko ndani ya OHADA tangu 2012, na kanuni zake mpya za uhasibu, SYSCOHADA iliyorekebishwa, zinatumika tangu tarehe 1 Januari 2018. Zinataka vitabu na hati zitunzwe miaka 10. Zinataka tena hesabu ziandikwe kwa lugha rasmi na kwa pesa halali ya nchi, maana yake Kifaransa na franga za Congo. Programu yenye orodha ya akaunti za Kimarekani, inayohesabu kwa dola peke yake, inaweza kuwa nzuri kwa macho, lakini mwisho wa mwaka comptable atalazimika kuandika kila kitu upya. Kazi hiyo utailipa wewe.

Kuna jambo moja ambalo kanuni hizo zililiona vizuri, na linatuhusu sana. Ziliweka akaunti ya 55 kwa pesa za elektroniki, mbali na benki (52) na kasha (57). Kwa mji ambao M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zimechukua sehemu kubwa ya kazi ya benki, si jambo dogo. Programu isiyo na akaunti hiyo itakufanya uchanganye pesa ya simu na pesa ya kasha, na ada za kutoa pesa zitapotea bila mtu kuziona.

Halafu kuna dola. Biashara ya informatiki karibu yote inahesabiwa kwa dola: laptop, toner, kamera, mkataba wa kutengeneza reseau ya ONG. Mwaka 2025 wengi walizoea kwamba franga inashuka tu, kisha kufikia Oktoba ikapanda ghafla, kutoka zaidi ya franga 2,800 kwa dola moja hadi chini ya 2,500. Tuseme uliandika ankara ya dola 1,000 wakati kiwango kilikuwa 2,850, mteja akalipa kikiwa 2,400. Katika vitabu vyako deni lilikuwa franga 2,850,000, na kilichoingia ni 2,400,000. Tofauti ya 450,000 ni hasara ya kubadilisha pesa, na SYSCOHADA inaiweka kwenye akaunti ya 656. Programu inayojua kiwango cha siku inaiandika yenyewe. Programu isiyojua inakuonyesha mteja ambaye bado ana deni, na wewe unaenda kumgombeza bure.

Kampuni ya informatiki ina shida nyingine ambayo duka la sukari halina: inauza vitu na kazi kwa pamoja, mara nyingi kwenye ankara moja. Sheria ya 2013 juu ya kodi ya biashara ndogo iliweka 1% kwa mauzo ya vitu na 2% kwa huduma. Usipotenganisha ordinateri na kazi ya kuiweka, ni rahisi kulipa zaidi. Na mteja akilipa matengenezo ya mwaka mzima mwezi wa kwanza, pesa hiyo haijawa yako yote.

Sasa, programu zenyewe. Sage inajulikana na wahasibu wetu na ina toleo la SYSCOHADA, lakini ni nzito kwa ofisi ya watu watatu. QuickBooks ni rahisi kujifunza, ila haikujengwa juu ya OHADA, na kopi za wizi zinazozunguka mjini hazina msaada zikiharibika. Odoo, ya Wabelgiji, ina akaunti za SYSCOHADA kwa ajili ya Congo na inaweza kuwekwa kwenye ordinateri yako mwenyewe. Toleo la bure linatosha kwa ankara, si kwa uhasibu kamili. Mafundi wa informatiki wataiweka bila shida, tena wakijua wataweza kuiuzia wateja. Mtu anayefanya kazi peke yake, mwenye mapato ya huduma yasiyofika franga CFA milioni 30 kwa mwaka, karibu dola 50,000, anaruhusiwa kutumia mfumo mdogo wa OHADA wa pesa zinazoingia na kutoka. Huyo Excel inamtosha, na asidanganywe.

Kwa wengine, mjaribu muuzaji mbele yako. Mwambie aandike ankara ya dola, ilipwe nusu kwa Airtel Money na nusu kwa franga za kasha. Kisha akate intaneti na aendelee kufanya kazi. Mwishowe atoe hesabu zote kwenye Excel, aziweke kwenye kifunguo cha USB, akupe. Akianza kusema kwamba hilo linahitaji abonema ya juu, muage kwa heshima.

Muulize pia juu ya facture normalisée, ankara yenye alama ya QR ambayo DGI inataka itoke kwenye mfumo inaoukubali, ili TVA ya 16% ionekane. Aliye Goma anaweza kusema haimhusu, kwa kuwa huko AFC/M23 inakusanya kodi kwa upande wake. Lakini mteja wa Beni, Kisangani ama Kinshasa anayetaka kurudishiwa TVA yake ataidai, na ONG kubwa zitaidai kabla ya kulipa.

Kwa kuwa mwaka wa hesabu wa OHADA unaanza tarehe 1 Januari, wakati mzuri wa kuhama ni hapo, baada ya kuhesabu stoki. Endelea na daftari la zamani miezi miwili pembeni, ulinganishe kasha kila jioni.