SEC haivai viatu vya kuazima!

Kuna magari yakipita mtaani hata mwenye nyumba anayedai kodi anasahau kilichomleta. Mojawapo ni Mercedes-Benz SEC, ile Benzi ya milango miwili ambayo ukishusha vioo vyote vinne hakuna nguzo katikati, upepo unaingia huku unatokea kule. Ilitoka mwaka 1981 ikakoma 1991, na kwa miaka yote hiyo zilitengenezwa 74,060 tu duniani. Kwa hiyo ukikuta moja bado inapumua, usiichezee kama Corolla ya kukodi.

Nayasema haya kwa sababu kuna mshikaji mmoja, jina kapuni, amerithi 560 SEC ya mjomba wake. Chombo safi, injini ya V8, viti vya ngozi bado vinanukia heshima. Unajua alichotaka kufanya kabla hata ya kumwaga oili? Rimu za inchi 20 zinazong'aa mpaka paka akipita anajitazama, halafu gari ilale chini kama kenge. Mkwanja ameshauandaa. Nikamwambia kaka, tulia kwanza.

Gari ile ilichorwa chini ya Bruno Sacco, Mtaliano aliyeongoza wachoraji wa Mercedes kwa miaka mingi na kufariki mwaka 2024. Mzee yule aliipenda mno hata yeye mwenyewe alimiliki 560 SEC. Uzuri wake uko kwenye ule mstari mrefu wa ubavuni na paa lililolala. Ukiipachika rimu kubwa yenye makorokoro, macho yote yanakimbilia kwenye gurudumu, bodi inabaki kama mtu aliyevaa suti ya harusi na buti za mvua.

Kiwandani ilianza na rimu za inchi 14, mwaka 1985 zikapanda kuwa 15, zile bapa zenye matundu pembeni ambazo Wajerumani wenyewe wanazitania kuwa ni mifuniko ya chemba. Tairi la 205/65 R15 lina ubavu wa milimita 133 hivi. Ule ubavu ndio mto wako wa kulalia barabarani! Ukienda inchi 17 kwa tairi la 245/45, ubavu unashuka kuwa 110, lakini urefu wa gurudumu zima unabaki karibu uleule, milimita 652 badala ya 647, kwa hiyo spidomita haikudanganyi sana. Sasa nenda inchi 20 kama mshikaji: 245/30, ubavu milimita 74. Shimo moja tu la mvua na rimu imekunjwa kama chapati.

Kwa maoni yangu inchi 16 au 17 zinatosha na chenji inabaki. Zile AMG za uso mmoja bapa, maarufu kama monoblock, ni za enzi hizohizo na zinakaa kwenye SEC kama zimezaliwa nayo. Asiye na uwezo huo atafute rimu za inchi 16 zenye matundu manane, zilizokuwa kwenye SL ya R129. Ni Benzi kwa Benzi, hakuna atakayekucheka.

Sasa penye balaa lenyewe. SEC ina tundu tano kwenye duara la milimita 112. Rimu nyingi za Kijapani zilizojaa kwenye maduka yetu ni tano kwa 114.3. Fundi wa kona atakwambia, "Bosi, inaingia tu, milimita mbili si kitu." Inaingia kweli! Lakini bolti zinakaa upande, hazikalii vizuri, na kila unapopiga breki zinafanya kazi ya kujifungua. Gurudumu likikuaga ukiwa spidi 100, fundi hatakuwepo kukushika mkono. Na Benzi hutumia bolti zenye kichwa cha mviringo pale zinapokaa, wakati rimu nyingi za dukani zinataka za koni, kwa hiyo bolti zinunuliwe pamoja na rimu. Tundu la katikati nalo ni milimita 66.6, likiwa kubwa zaidi, weka ringi ya kujazia, la sivyo usukani utatetemeka kama mwenye malaria.

Kuhusu kushusha: yeyote anayekuja na msumeno wa kukata springi, mfukuze gereji. Kwenye gari hii springi inakalia mpira ambao kiwanda kilitengeneza kwa unene tofauti, unautambua kwa vinundu vyake. Ukiweka mwembamba zaidi gari inashuka kidogo bila kuumiza kitu, na ukitoka barabarani matuta hayakukwangui tumbo. Ukitaka zaidi ya hapo, nunua springi fupi za kazi hiyo pamoja na shokapu zake. Na zile zenye mfumo wa mafuta nyuma wa kusawazisha kimo, usiguse mpaka umpate fundi anayeujua. Baada ya hapo alaimenti ni lazima, vinginevyo tairi mpya zitaliwa upande mmoja kabla hujamaliza kuringa.

Mshikaji alinuna siku mbili. Siku ya tatu akapiga simu anauliza zile za matundu manane zinapatikana wapi. Nikampa sharti moja: rimu za mjomba zisiuzwe, zifungwe kwenye magunia na kuwekwa stoo, maana siku akija mnunuzi anayejua gari, cha kwanza kuuliza ni hizo. Na akishafunga mpya, atembee kilomita 50 hadi 100 halafu akaze bolti upya kwa spana ya kipimo, Nm 110, siyo kwa kuruka juu ya bomba.

Tukutane wiki ijayo!