Makali ya Patasi Ndogo

Ukitaka kukereza kete za sataranji au kikombe cha yai, usikimbilie tupa kuukuu ukaigeuza patasi. Najua ni ya bure na feleji yake ni ngumu, lakini ugumu huo ndio hatari: tupa hukatika kama glasi, na kipande kikiruka mashine ikizunguka hakichagui jicho. Miwani ya kukinga macho nayo usiiache, hata ukiwa na patasi nzuri.

Tafuta patasi bapa ya milimita 6, bobari ya kiasi hicho, na patasi nyembamba ya kukatia. Hizo tatu zatosha kuanzia. Chuma chaweza kuwa kidogo, ila mpini uwe mrefu wa kushikwa vizuri.

Kunoa ndipo wengi huharibu. Ncha ndogo hupata moto upesi. Feleji ya kawaida ikigeuka samawati imekwisha kulegea, na haitashika makali mpaka uisage sehemu hiyo yote. Iguse mashine ya kunolea kidogo tu, uichovye majini, urudie. Binafsi napenda kinoo cha mkono chenye mafuta. Kwanza paka wino kwenye mshazari wa makali. Utakapobaki wino, kinoo hakijafika.

Usiyapime makali kwa kidole. Yaelekeze kwenye taa: yakiwa butu utaona kijistari kinachometameta. Na ukikereza mpingo, rudi kwenye kinoo mara kwa mara, usingoje mpaka mkono uanze kusukuma.