Waliokosa Kiti Arusha

Jioni moja wiki iliyopita nilikuwa Feri, upande wa kisiwani, nimeketi kwa muuza kahawa nikingojea msongamano wa watu wa Likoni upungue. Kando yangu vijana wawili walikuwa wakibishana juu ya vita vya Sudan. Mmoja akasema, "Wale majenerali wawili wafungiwe chumba kimoja, ufunguo utupwe baharini mpaka wapatane." Mwenziwe akanigeukia. "Ami, wewe mtu wa magazeti, si ndivyo Waburundi walivyopatanishwa?"

Nikamwambia sivyo. Kahawa ilipoa nikieleza, na maelezo yenyewe naona yafaa kuandikwa.

Mwaka 2000, ningali kijana katika kazi hii, nilitumwa Arusha kusikiliza mazungumzo ya Burundi. Yalifanywa katika jumba la mikutano ya kimataifa, na ndani ya jumba hilo hilo mahakama ya Umoja wa Mataifa ilikuwa ikiwahukumu walioshitakiwa kwa mauaji ya Rwanda ya 1994. Huku watu wakisomewa mashitaka ya damu iliyokwisha kumwagika, kule wengine wakigombania vifungu vya mkataba. Waliotupiana maneno mchana kwa Kifaransa, usiku niliwasikia wakiulizana habari za watoto kwa Kirundi na kwa Kiswahili chetu hiki.

Asili ya ugomvi wasomaji wengi wanaikumbuka. Juni 1993 Melchior Ndadaye, Mhutu, alimshinda Meja Pierre Buyoya kwa kura. Tarehe 21 Oktoba mwaka ule ule askari wakamwua. Vita vikafuata. Julai 1996 Buyoya akarudi madarakani kwa mapinduzi, nyuma yake jeshi lililoongozwa na Watutsi. Mwalimu Nyerere akafungua mazungumzo Juni 1998. Vyama vikaja, hata vile ambavyo wafuasi wake wote wangeenea katika matatu moja. Lakini wapiganaji wa FDD, waliojitenga na kiongozi wao Leonard Nyangoma, walinyimwa kiti, na FNL nao hawakuwamo. Waliokuwa wakipigana msituni hawakuwa mezani!

Nyerere alifariki Oktoba 1999, Mandela akashika nafasi yake. Aliiona kasoro upesi, akataka watu wa msituni waitwe, akaishika serikali ifunge kambi ilimowakusanya wakulima wa Kihutu kwa nguvu. Hata hivyo mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, Rais Clinton akishuhudia, pasipo mapatano ya kusimamisha vita. FDD hawakuweka mkono kwenye mapatano kamili mpaka Novemba 2003, FNL mpaka Septemba 2006. Hebu hesabu makaburi ya miaka hiyo.

Siubezi mkataba ule. Ulisema kabila moja lisizidi nusu ya jeshi, na jeshi la Burundi likabadilika kweli.

Sisi tuliosoma vyuoni tulifundishwa suluhu ya Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria. Suhail bin Amr, mjumbe wa Makureshi, alikataa katakata pasiandikwe "Mtume wa Mwenyezi Mungu", na Mtume (S.A.W.) akakubali maneno yafutwe, liandikwe jina lake na la babake. Masahaba walichukizwa mno. Lakini aliyekuwa na upanga ndiye aliyeketishwa mkekani, kwa maana ndiye aliyekuwa wa kupatana naye. Arusha walibishana nani astahili kuitwa kwa jina gani, na huku vijijini watu wanachinjwa.

Lakini kiti ninachokisikitikia zaidi si cha mpiganaji. Bujumbura kuna mtaa uitwao Buyenzi, wa Waislamu wasemao Kiswahili, ambako Wahutu, Watutsi na watu wa Congo waliishi ukuta kwa ukuta. Mitaa mingine ilipofukuza watu kwa kabila zao, Kamenge ikawa ya hawa na Nyakabiga ya wale, Buyenzi watu walibaki pamoja, na waliokimbia kwingine wakapata hifadhi humo. Hao ndio Warundi wengi waliowaita "Waswahili" kwa dharau, kama watu wasio na asili. Wanawake wa Burundi angalau walikutana Arusha Julai 2000 wakatoa madai yao. Buyenzi hakuna aliyewaandalia kiti waeleze walifanyaje.

Jeddah, Mei 2023, kosa lilikuwa la upande wa pili. Walioketi walikuwa wajumbe wa majenerali wawili tu, na vita vya Sudan vikaendelea. Vijana wa mitaa ya Khartoum waliokuwa wakipika masufuria ya chakula kwa ajili ya majirani hawakuitwa. Mimi nasema mwenye bunduki aitwe, tena aitwe mwanzo, bila kuulizwa nasaba yake. Ila kalamu asiachiwe peke yake, kwani ataandika vyeo vyake na kusahau visima vya watu.

Yule kijana akafikiri kidogo. "Sasa ami, huyo mtu wa Buyenzi angekaa upande gani wa meza?"

"Mwanangu," nikamjibu, "kwanza aitwe. Upande atajichagulia mwenyewe." Feri ikapiga honi, wakakimbia wote wawili, na kahawa zao nikalipa mimi.